Kwa Nini Mbegu za Mwarobaini Hufa katika Baridi ya Haydom

Mwarobaini ni mti unaoheshimiwa katika familia zetu. Jina lake hutokana na imani ya wazee kwamba hutibu maradhi arobaini. Wengi wetu tusafiripo Dodoma au Singida, ambako mti huu umestawi, hurudi Haydom na mbegu zake. Tunaziweka ndani ya jokofu zisiharibike, au tunazipanda wakati wa kipupwe, kisha hakuna kinachoota. Hapo husemwa kwamba tulipewa mbegu mbovu. Mara nyingi mbegu zilikuwa nzima. Zimeuawa na baridi.

Tutazame namna mbegu inavyoota. Mbegu kavu ni kama imelala. Ikipata maji huyanywa kwa kasi, nazo seli zake huamka. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta. Katika joto utando huo hulainika na kujipanga upya. Katika baridi hukakamaa, kama samli inavyoganda asubuhi ya Julai. Maji yakiingia wakati huo, utando hupasuka, sukari na chumvi za mbegu huvujia udongoni, na kuvu hupata chakula. Mbegu huoza kabla ya kuchipua. Mbegu yenye unyevu iliyowekwa katika jokofu nayo huharibika, hata kabla ya kupandwa.

Si mbegu zote zilivyo hivyo. Mbegu ya tofaa, ambayo asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali, haioti mpaka ipitie baridi kwanza. Mwarobaini asili yake ni nchi za joto za Asia, nao huota vizuri zaidi katika nyuzi joto 25 hadi 30. Haydom iko katika mwinuko wa takriban mita 1,700, na usiku wa Juni hadi Agosti udongo wetu hupoa mno.

Tufanye nini basi? Tuchume matunda yaliyoiva na kuwa ya manjano, tuondoe nyama yake, tuzioshe mbegu na kuzikausha kivulini. Tuzihifadhi katika mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, na tuzipande mapema, kwani uhai wake ni wa majuma machache tu. Kabla ya kupanda tuziloweke katika maji ya uvuguvugu. Zikipatikana wakati wa kipupwe, viriba vyake vikae katika kitalu kilichofunikwa kwa nailoni.

Tukumbuke pia kwamba mwarobaini hauchukui nafasi ya hospitali, na mafuta ya mbegu zake ni hatari kwa watoto wachanga wakinyweshwa.

Mwenyezi Mungu ameipa kila mbegu majira yake. Kuitunza kazi ya mikono yake huanza kwa kuyafahamu majira hayo na kuyaheshimu.