Joto la Usiku Nyanda za Juu Kusini

Njombe na Makete, kati ya Juni na Agosti, baridi ya usiku huweza kugandisha umande. Familia nyingi huota moto jioni kwenye jiko la mkaa, kisha hujifunika mablanketi mazito. Hatari, tena kubwa, huanza jiko linapoingizwa chumbani na madirisha kufungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala huweza kufa bila kushtuka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu. Badala yake, miguu hupashwa joto kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa.