Moto yako imebadilika. Karatasi yako ya asiransi nayo imebadilika?

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuongea kazi, masomo na mashamba. Leo naomba tuongee asiransi ya moto na ya gari, ile Waswahili wengine wanaita bima. Najua wengi mutasema, hiyo ni mambo ya karatasi za barabarani tu, za kumuonyesha polisi. Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka siku niliyolipa dola 300 zisizokuwa na sababu ya kutoka mfukoni mwangu.

Mimi ni agronome, niko na lisansi. Baada ya kumaliza masomo nilikaa miezi mingi bila kazi, basi nikaanza kununua mpunga na karanga vijijini na kuzishusha Kasongo. Nilinunua moto ya 125, nikatoa plake, nikatoa karti roze, nikaenda Kindu kulipa asiransi. Dola 40 kwa mwaka. Kwenye karatasi waliandika: moto ya watu 2, matumizi ya kibinafsi. Niliweka sahihi bila kusoma ukurasa wa nyuma.

Mwezi mmoja baadaye niliona kwamba gunia moja kwa safari halilipi hata esansi. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Akakata kibebeo cha nyuma, akakirefusha kwa vyuma vya 12, akaongeza ringi nzito chini ya kiti. Toka siku hiyo nikawa nabeba magunia mawili, wakati mwingine matatu. Hapa kwetu hakuna mtu anayeona hiyo kuwa mabadiliko. Ukipita barabarani, moto kumi, nane ziko hivyo.

Halafu njo ile siku ya ajali. Nilikuwa nateremka kilima na magunia mawili ya mpunga. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli na mabidoni ya mafuta ya mawese. Nilifunga breki. Moto haikusimama. Gurudumu la mbele lilikuwa jepesi, likateleza, tukamgonga. Mzee alivunjika mguu, mafuta yake yote yakamwagika. Mimi nilichubuka tu.

Matunzo, baiskeli, mafuta na siku ambazo mzee hakufanya kazi, jumla ilifika dola 800. Sikuogopa, juu niliwaza: niko na asiransi. Kumbe hesabu haijaanza.

Tuelewane kwanza, hii asiransi ni kitu gani kwa inchi yetu. Kongo, sheria ya Januari 1973 njo iliyolazimisha kila chombo chenye injini kiwe na asiransi ya kulipa watu wengine ambao kinaweza kuumiza. Wakati huo kampuni ilikuwa moja tu, SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966. Ilibaki peke yake karibu miaka 50. Machi 2015 ikatoka sheria mpya, Kodi ya asiransi, iliyofungua soko. Ikaundwa pia ARCA, mamlaka ya kuchunga makampuni, na kuanzia mwaka 2019 makampuni ya watu binafsi yakapata ruhusa. Hii inatuhusu vipi sisi wa Maniema? Inatuhusu hivi: zamani ulikuwa unaenda mlango mmoja, unatoka na karatasi moja. Leo milango ni mingi, na kila mlango uko na mkataba wake. Usiposoma, usidhani ya rafiki yako na yako ni sawa.

Jambo la pili: ile asiransi ya lazima inalipa mtu uliyemuumiza na mali yake. Hailipi moto yako. Kama moto imeibiwa, imeungua, ama imevunjika kwa kosa lako, inatakiwa uwe umenunua sehemu nyingine ya mkataba. Hata wewe dereva, mguu wako wewe, mara nyingi haumo. Watu wengi wanabandika ile karatasi na kuwaza imefunika kila kitu.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Asiransi ni mapatano juu ya hatari. Kampuni inakuuliza: chombo ni gani, kinabeba nini, kwa kazi gani? Kwa majibu yako inapanga bei. Ukibadilisha chombo baada ya kulipa, umebadilisha hatari, lakini bei imebaki ya zamani. Ni kama mtu anayekodi shamba la are 20 halafu analima hekta nzima. Siku ya mavuno, mwenye shamba atapima.

Na hatari inabadilika kweli, si maneno ya watu wa ofisi. Kitabu cha moto yangu kinasema isibebe zaidi ya kilo 150, pamoja na dereva. Mimi niko na kilo 68. Gunia moja la mpunga linaweza kupita kilo 80. Mawili, na mimi juu, tumepita 220. Tena kibebeo kilichorefushwa kinaweka uzito nyuma ya gurudumu la nyuma. Ni kama mizani: nyuma ikishuka, mbele inapanda. Na breki yenye nguvu iko mbele. Gurudumu lisilokanyaga ardhi vizuri haliwezi kusimamisha kitu. Fundi wangu alichomelea vizuri sana, chuma hakikukatika. Kosa halikuwa la chuma.

Mabadiliko yako ya aina nyingi, na si moto tu. Fuso zinaongezewa mbao na vyuma pembeni ili zibebe juu zaidi. Gari zinazotoka Japani kupitia Dar es Salaam ziko na usukani kuume, sisi tunatembea kuume, basi wengine wanahamisha usukani kwenda kushoto kwa fundi wa mtaa. Kinshasa kila mtu anazijua zile Mercedes 207: zilikuja kutoka Ulaya zikiwa gari za mizigo, mafundi wakakata mabati kutoboa madirisha, wakachomelea mabenchi ndani, zikawa taksi-basi. Watu wenyewe wakazipa jina « esprit de mort », roho ya kifo. Mwaka 2014 serikali ya Matata Ponyo, mtoto wa Maniema hii yetu, ilipoleta mabasi madogo mapya ya kuchukua nafasi yao, watu wakayaita « esprit de vie ». Hayo majina mawili yanaeleza asiransi kuliko mwalimu yeyote: gari ya mizigo na gari ya watu si chombo kimoja, hata kama injini ni ile ile.

Kuna mabadiliko mengine yasiyoonekana kabisa: matumizi. Moto ya kwenda kazini ikianza kubeba abiria wa kulipa ama mizigo ya biashara, imebadilika, hata kama hujaongeza skrubu moja. Na kuna yale yasiyoongeza hatari, kama rangi. Hayo pia yaseme, juu rangi imeandikwa kwenye karti roze, na siku ya ajali karatasi na chombo vinapaswa kufanana.

Turudi kwangu. Kampuni ilituma mtu wa kukagua. Usiku kabla hajafika, rafiki mmoja aliniambia: « Kaka, kata kile kibebeo, rudisha cha zamani, nani atajua? » Sitadanganya, niliwaza sana. Hata msumeno wa chuma nilikuwa nimeuazima. Kilichonizuia, kusema kweli, si utakatifu. Polisi alikuwa ameshaandika kwenye PV: moto yenye kibebeo kirefu, magunia mawili. Na vijana walikuwa wamepiga picha.

Baadaye nilielewa jinsi nilivyoponea. Sheria inatofautisha mtu aliyekosea na mtu aliyedanganya. Aliyedanganya kwa kusudi, mkataba wake unakufa, hapati kitu, na pesa aliyolipa hairudi. Aliyekosea bila nia mbaya, wanampunguzia kwa hesabu. Yangu waliifanya hivi: moto ya kubeba mizigo ya biashara ingelipa dola 64. Mimi nililipa 40. Gawa 40 kwa 64, unapata 62,5 kwa 100. Basi kwa dola 800 walitoa 500. Zile 300 zikabaki juu yangu.

Angalieni vizuri: nilikosa kulipa dola 24, nikapoteza 300. Hizo 300 njo zilikuwa mtaji wangu wa kununua mpunga msimu ule. Na mzee hakuwa na kosa lolote. Familia yake ilikuja kukaa kwetu siku mbili, wazee wetu wakaongea na wazee wao, nikalipa kidogo kidogo, nusu kwa pesa, nusu kwa magunia.

Basi fanyeni hivi, ndugu zangu.

Kabla ya kwenda kwa fundi, uliza kampuni yako. Andika barua fupi: namba ya plake, unataka kubadilisha nini, kwa kazi gani. Fanya kopi mbili, yako wapige muhuri na tarehe. Maneno ya mdomo na simu hayatakusaidia. Piga picha ya chombo kabla na baada. Wakikubali, watakupa karatasi ya nyongeza ya mkataba, na utalipa tofauti. Wakikataa, umejua mapema: ama uache, ama utafute kampuni nyingine. Na kama fundi amekuwekea kitu cha bei, kiandikishe na bei yake, la sivyo siku ya wizi kitahesabiwa kama hakikuwepo.

Ajali ikitokea, saidia aliyeumia kwanza. Halafu picha, halafu polisi waandike PV. Peleka habari kwa kampuni ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba, yangu ilisema 5. Usitengeneze chombo kabla hakijakaguliwa. Usikate chuma usiku.

Najua kuna atakayesema: ofisi iko mbali, barabara ni mbaya, makampuni yenyewe yanachelewa kulipa. Ni kweli. Mimi nilingoja miezi saba. Lakini bila zile 500, ningeuza moto, na hata hapo isingetosha. Kuchelewa kwao ni sababu ya kuwadai kwa nguvu, na wewe utadai kwa nguvu kama karatasi zako ni safi. Mwenye karatasi chafu anadai kwa sauti ya chini.

Mzee anatembea sasa, na fimbo. Tukikutana njiani ananisalimu, halafu anaangalia nyuma ya moto yangu. Kibebeo nimekifupisha. Nabeba gunia moja na nusu, karatasi yangu imeandikwa « mizigo », na mwaka huu nimelipa dola 64. Faida ya kila safari imepungua. Lakini nateremka kile kilima na gurudumu la mbele likiwa chini.