Njia za Sumaku katika Upepo wa Jua

Mbali na nuru na joto, jua hutoa pande zote upepo usiokatika wa chembe zenye umeme, aghalabu protoni na elektroni, uendao takriban kilomita 400 kwa sekunde, na pengine maradufu ya hapo. Mwaka 1958, Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago alipothibitisha kwa hesabu kwamba upepo huo hauna budi kuwapo, wataalamu wawili waliopewa makala yake waihukumu waliikataa. Nayo ingalipotea, lau kama mhariri Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye mwenyewe hakuiridhia rai hiyo ila hakuona kosa katika hesabu zake, asingaliamuru ichapishwe. Mwaka 1962 chombo Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kikaupima upepo wenyewe, na ubishi ukaisha.

Upepo huu huondoka na sumaku ya jua. Na kwa kuwa jua nalo huzunguka, mistari ya sumaku hiyo hupindika angani mfano wa maji yarushwayo na mtu ashikaye mpira wa bustani huku akijizungusha. Isitoshe, chombo kiitwacho kwa jina la Parker, kilichorushwa mwaka 2018, kimekuta karibu na jua mikunjo mingi ya ghafla, ambamo sumaku hugeuka ikaelekea ilikotoka.

Basi chembe kali zitupwazo na mlipuko wa jua haziji kwetu kwa mstari ulionyooka kama nuru, bali hufuata njia hizo zilizopinda. Ndipo mlipuko wa upande wa magharibi wa jua huweza kutufikishia chembe kabla ya saa moja kupita, ilhali ulio mkubwa zaidi, upande wa mashariki, huenda usitudhuru kitu.

Agosti 1972 dhoruba ya jua, yaani wingu la upepo huo lililotupwa na mlipuko, lililo zito na la polepole kuliko chembe hizo kali, ilitufikia kwa muda wa saa 15 hivi, badala ya siku mbili tatu za kawaida, ikaitikisa sumaku ya dunia, na mabomu ya kuhisi sumaku yaliyotegwa na Wamarekani katika bahari ya Vietnam ya Kaskazini yakalipuka yenyewe. Wanaanga wa Apollo 16 walikuwa wamerejea kutoka mwezini tangu Aprili, na wa Apollo 17 hawakuondoka hadi Desemba. Lau mmoja wao angalikuwa akitembea mwezini siku zile, mnururisho ungalimtia maradhini. Hiyo ilikuwa bahati tu, na kwa rai yangu si haki kuwategemeza bahati wale watakaorejea huko: wapewe hifadhi nene chomboni, na jua liwekewe walinzi usiku na mchana.