NJIA ZA BAISKELI BILA MAKAMYO: UFARANSA NA HAPA KWETU KOLWEZI

Mara hii hatuandiki juu ya mpira wala juu ya mitihani. Tunataka kueleza jambo linalogusa kila mwanafunzi anayekuja masomo na baiskeli, ile tunayoita kinga: ni wapi mtu anaweza kupita na kinga yake bila kuogopa kamyo? Tutaanza mbali, katika vijiji vya Ufaransa, kisha tutarudi nyumbani.

1. Njia za kijani ni nini?

Katika Ufaransa kuna njia zinazoitwa « voies vertes », maana yake njia za kijani. Sheria ya barabara ya nchi ile inazitambua tangu mwaka 2004. Ni njia za watu wa miguu, wa baiskeli na wa farasi. Gari na pikipiki haziruhusiwi humo. Watu wanazitumia kwenda kazini na masomo, na wengine wanafanya safari ya siku nyingi, mizigo imefungwa nyuma ya kiti, wanalala kijiji hiki, kesho kijiji kingine.

Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 katika jimbo la Saône-et-Loire, toka Givry mpaka Cluny, urefu wake km 44. Nyingine inafuata mfereji unaoitwa Canal du Midi, wenye km 240 kutoka Toulouse mpaka Sète. Tena kuna « La Loire à Vélo », karibu km 900 kandokando ya mto Loire mpaka bahari. Hii ya mwisho si njia ya kijani mahali pote. Sehemu kubwa yake ni barabara ndogo za vijiji ambamo magari ni machache.

2. Walizipata namna gani?

Mtu anaweza kufikiri kwamba Wafaransa walikata njia mpya kwa feza nyingi. Hapana. Mara nyingi walichukua kitu cha zamani kilichokuwa kimelala.

Kwanza, reli. Mwishoni mwa karne ya 19 Ufaransa ilijenga reli ndogo nyingi sana za kufika katika miji midogo. Baadaye mabasi na magari yalichukua wasafiri, na reli hizo zikafungwa. Vyuma viliondolewa lakini tuta lilibaki, pamoja na madaraja na matundu ya kupita chini ya vilima. Njia ya Givry–Cluny ni reli ya namna hiyo. Kusini ya Cluny, kuelekea Mâcon, njia inapita katika tundu la Bois Clair lenye urefu wa m 1.600 hivi. Wakati wa baridi wanalifunga, kwa sababu popo wanalala humo na hawataki kuwasumbua.

Pili, mifereji. Canal du Midi ilichimbwa na Pierre-Paul Riquet, ikafunguliwa mwaka 1681. Zamani zile farasi walitembea kandokando wakivuta mashua kwa kamba. Njia ya farasi ndiyo leo njia ya baiskeli.

Juu ya nini reli na mfereji vinafaa sana kwa kinga? Jibu liko katika somo la fizika. Gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo wainjinia walitafuta mteremko mdogo, mara nyingi usiopita m 2 au 3 kwa kila m 100. Maji ya mfereji nayo hayapandi hata kidogo. Mahali gari la moshi lilipita bila kuchoka, mtoto wa miaka kumi naye atapita.

3. Kamyo na kinga haziwezi kugawana lami

Tuje sasa kwetu. Barabara toka Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi, karibu km 300, inabeba shaba na kobalti ya mkoa wetu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na karibu yote katika Lualaba na Haut-Katanga. Makamyo yanaenda Kasumbalesa, kisha Zambia, mpaka bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban. Yanaporudi yanaleta mashini, mafuta na dawa za viwanda. Katika barabara hiyohiyo wako wanafunzi, mama wanaokwenda soko, na wale wa makala, wenye mifuko mirefu kupita kichwa cha mwenye kuisukuma.

Tufanye hesabu. Kamyo inayokimbia km 60 kwa saa inapita karibu m 17 kwa sekunde moja. Dreva akiona kinga mbele, sekunde moja inaisha kabla mguu wake haujakanyaga freni. M 17 zimekwisha kupotea, na kamyo yenye mzigo wa tani 30 bado haijaanza hata kupunguza mbio. Tena karibu na mlango wake, chini, kuna mahali dreva haoni katika kioo. Mwenye kinga anayekaa hapo ni kama hayupo. Mwisho kuna upepo: kamyo kubwa ikipita karibu inasukuma hewa mbele, kisha inaivuta nyuma, na kinga inayumba. Wakati wa kiangazi ongeza vumbi, wakati wa mvua ongeza mashimo ya pembeni yaliyojaa maji.

Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi « uangalie » ni vizuri, lakini haitoshi. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeitwa Vélocio, alifundisha Wafaransa wengi kusafiri na baiskeli. Aliwashauri wale kabla ya njaa na wanywe kabla ya kiu. Alikuwa na mazoezi ya miaka mingi, lakini mwaka 1930 aligongwa na tramu katika mji wake mwenyewe, akafa. Akili ya mtu mmoja haiwezi kushika nafasi ya njia iliyotengwa.

Na tukumbuke jambo hili: baiskeli nyingi za siku hizi katika Ulaya zina mota ndogo na betri, na katika betri nyingi za namna hiyo mna kobalti. Jiwe linalotoka katika udongo wetu linaweza kumsaidia mzee wa Ufaransa kupanda kilima katika njia isiyo na gari hata moja. Hatumwonei wivu. Tunauliza tu: mtoto wa mahali jiwe lilipotoka, yeye apite wapi?

4. Je, kwetu inawezekana?

Wengine watasema: « Sisi pia tuko na reli, tupite humo. » Hapana, wandugu. Reli yetu haijafa. Magari ya moshi yanapita bado kati ya Kolwezi, Tenke na Likasi, na upande wa Dilolo reli inafika mpaka Angola. Kutembeza kinga kati ya vyuma ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine. Tunatamani reli izidi kufanya kazi, kwa maana kila behewa la shaba linalopita ku reli linapunguza kamyo ku barabara.

Lakini njia za kijani za kwetu ziko, ila hazina jina. Ni vijia vya porini vinavyounganisha vijiji, na vijia vya ndani ya mji kati ya kartie na kartie. Miguu ya watu imevigandamiza miaka mingi, mara nyingi vinakwepa vilima vikali, na kivuli kiko. Kinachokosa si lami. Vinakosa mambo matatu.

a) Kukinga ardhi. Katika Saône-et-Loire serikali ya jimbo ndiyo iliyotengeneza tuta la reli na kulifanya kuwa njia ya watu wote. Kwetu kijia hakina karatasi. Siku moja mtu anauziwa kiwanja katikati, au machimbo yanapanuka na ua unajengwa, na asubuhi wanafunzi wanarudishwa ku barabara kubwa.

b) Kutokatika. Kijia cha km 5 kinachokatika m 200 tu kinaweza kupoteza faida yote, kama m 200 hizo ni za kupita kati ya makamyo. Daraja la miti juu ya mtaro laweza kuokoa njia nzima.

c) Kufungia magari. Wafaransa wanaweka nguzo mahali njia inapokutana na barabara: baiskeli inapita, gari haipiti. Kwetu magogo mawili yaliyosimikwa vizuri yatafanya kazi ileile.

5. Tunaloomba

Kila mwanafunzi anayekuja kwa kinga au kwa mguu achore katika karatasi moja njia yake toka nyumbani mpaka masomo. Atie rangi nyekundu mahali analazimishwa kupita kati ya makamyo, na rangi ya kijani mahali pa kijia. Aandike pia mahali kijia kimekatika, na kwa sababu gani: mtaro, ua, au kiwanja kipya. Wanafunzi wa darasa za juu wataunganisha karatasi zote kuwa ramani moja, na tutaomba wakubwa wa masomo waipeleke kwa wakuu wa kartie na kwa bugumestri. Mkubwa anayeonyeshwa mahali penyewe, kwa metre, hawezi kujibu kwamba hajui.

Kwa sasa, mtu akipata nafasi achague kijia hata kama kinamwongezea dakika kumi. Atembee upande wa kuume, asibebe mwenzake nyuma ku lami, na asipande kinga isiyo na freni. Giza likiingia awe na taa.

Karatasi ziachwe katika sanduku la buletini, pamoja na jina la darasa. Tutachapa ramani hapa itakapokuwa tayari.