Mbano wa Mtutu na Uwindaji wa Bata Mzinga

Huko Marekani, katika majira ya kuchipua, mwindaji wa bata mzinga mwitu hujificha na kuigiza mlio wa jike ili dume asogee karibu. Mwili wa ndege huyu umekingwa na manyoya mazito. Kwa hiyo hulengwa kichwani na shingoni. Marisau, yaani punje ndogo za risasi, yakitawanyika mno, ndege hujeruhiwa tu na kwenda kufia porini.

Mtawanyiko huo hutawaliwa na mbano, yaani kupungua kwa kipenyo cha mtutu karibu na mdomo wake. Bunduki ya marisau ya geji 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi, na mbano kamili hukipunguza kwa takriban milimita 1 tu. Hata hivyo, katika umbali wa meta 36.5, mtutu usio na mbano huingiza asilimia 40 hivi ya marisau ndani ya duara la sentimeta 76. Mbano kamili huingiza asilimia 70.

Je, mbano mkali zaidi ndio bora daima? La. Kwa meta 10 marisau huwa bado fungu dogo, na kosa kidogo la shabaha huliokoa windo. Tena, mbano uliopita kiasi huweza kuziponda punje, zikapotea njia.

Basi mwindaji mwenye busara huchora kwanza kichwa cha ndege juu ya karatasi, hufyatua kutoka umbali mbalimbali, kisha huhesabu matundu. Karatasi hiyo ndiyo humwonyesha umbali asiopaswa kuuvuka.