Simba wa Kidia ni yupi? Kupanga kumbukumbu za kituo cha mbwa na paka

Ita "Simba!" kwenye vihamba vya Kidia, Old Moshi, uone ni mbwa wangapi watakaokuja mbio. Wasiokuwa Simba ni Popi, Tomi au Bosi. Nyumbani jina linatosha. Kwenye kituo kinachopokea mbwa na paka waliotelekezwa na kuwatafutia walezi wapya, halitoshi hata kwa wiki moja.

Vituo vya aina hii bado ni vichache kwetu, ingawa Nairobi lipo shirika la KSPCA na jirani zetu wa Arusha wanalo shirika la Mbwa wa Africa. Anayetaka kuanzisha kingine miteremkoni mwa Kilimanjaro atafikiria vizimba, chakula na dawa. Mpango wa kumbukumbu huachwa mpaka mambo yachanganyike. Mpango huo huitwa muundo wa metadata: makubaliano, kabla ya kuandika chochote, kuhusu taarifa zipi zihifadhiwe, kwa maneno gani na kwa mtindo gani.

Kanuni yangu ni moja: kila safu ya jedwali izaliwe na swali la mtu. Daktari wa mifugo atauliza mnyama alichanjwa lini. Mlezi atauliza kama anazoeana na watoto na kama anafukuza kuku. Afisa mifugo wa kata atauliza ametoka kijiji gani. Safu isiyo na muulizaji ifutwe. Itajazwa kwa uvivu na hakuna atakayeisoma.

Kisha tenganisha mafungu matatu: mnyama, matukio na watu. Fungu la mnyama hubeba yasiyobadilika, kama jinsia, rangi na alama za mwilini. Kupokelewa, kuchanjwa, kuhasiwa, kuchukuliwa na mlezi na hata kurudishwa ni matukio, na kila moja lina mstari na tarehe yake. Ukibana yote kwenye mstari mmoja, chanjo ya mwaka huu itafuta ya mwaka jana.

Kinachounganisha mafungu hayo ni namba ya mnyama, ambayo haipewi mwingine hata akifa. Akiwekewa chipu chini ya ngozi, namba yake ya kimataifa ina tarakimu 15. Ihifadhiwe kama maandishi, kwa sababu Excel ikiiona ni hesabu itaionyesha kwa kifupi chenye herufi E katikati, na atakayeinakili hapo amepotea.

Safu inayohitaji umakini kuliko zote ni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa. Sasa tazama safu ya "Amechanjwa" iliyoachwa wazi. Hajachanjwa? Hatujui? Au aliyempokea alisahau kuuliza? Weka majibu manne ya kuchagua: ndiyo, kadi imeonekana; ndiyo, kwa maneno ya mwenye mbwa; hapana; haijulikani. Mbwa huyo akimng'ata mtoto, tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili itakuwa na uzito mkubwa kwa daktari.

Tarehe nazo zina mtego. Moshi imejaa wageni wanaojitolea. Kwetu 03/04/2024 ni Aprili 3. Kwa Mmarekani ni Machi 4. Andika 2024-04-03, kama kiwango cha kimataifa kinavyotaka. Dawa ya "saa 4 asubuhi" iandikwe 10:00, la sivyo mgeni ataitafuta alfajiri. Mpangilio wa tarehe pia una sheria zake: mbwa anayepelekwa Umoja wa Ulaya lazima awe amewekewa chipu kabla ya kuchanjwa au siku hiyo hiyo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, na mlezi aliyekwisha kukata tiketi ataanza upya.

Mahali pia pagawanywe. "Moshi" inaweza kuwa manispaa, halmashauri ya wilaya au Old Moshi yenyewe. Tumia wilaya, kata na kijiji, kila kimoja na safu yake, vikichaguliwa kwenye orodha ili Kidia isiandikwe kwa namna tatu. Umri uandikwe pamoja na jinsi ulivyojulikana: kwa kadi, kwa meno, au kwa kauli ya jirani. Kwenye tabia, acha "mkali" na "mpole". Andika kilichoonekana: "alibweka alipoguswa akila."

Fungu la watu lifungiwe peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu majina na namba za simu za waliomleta mnyama na waliomchukua. Anayelisha paka hana haja ya kuziona.

Kabla ya kumlipa mtengeneza programu, chapa mpango wote kwenye ukurasa mmoja: jina la safu, maana yake, majibu yanayokubalika na mfano mmoja. Wape wahudumu wawili wamwandikishe mbwa yule yule bila kuangaliziana. Palipotofautiana ndipo maelezo yako hayajaeleweka, na kurekebisha karatasi ni rahisi kuliko kusafisha kumbukumbu za miaka mitatu.