Dawa yenye kujua njia: namna ya kufuata kanseri iliyokwisha kutawanyika



Wadogo wetu wa madarasa ya chini wanatuuliza mara nyingi: «Masomo ya atomu yatatusaidia nini?» Leo tunataka kujibu kwa njia ya ugonjwa ambao watu wengi wanaogopa hata kuutaja: kanseri.

Muwili wetu umejengwa na chembe ndogo sana. Kila chembe iko na mupango wake: inazaliwa, inagawanyika, inakufa. Chembe ya kanseri inakataa mupango. Inagawanyika bila kusimama mpaka inafanya uvimbe. Kama uvimbe uko fasi moja tu, munganga anaweza kupasua na kuutosha, ao kuuchoma na mionzi ya mashini. Shida inakuwa kubwa wakati chembe zinatoka pale, zinafuata damu, na kujenga fasi ingine: katika mapafu, ini ao mifupa. Sasa mashini itapiga wapi? Kupiga muwili muzima kwa nguvu ni kuua mugonjwa pamoja na ugonjwa.

Basi wenye elimu walijiuliza: je, haiwezekani kutia mionzi ndani ya dawa yenye kujua njia yenyewe?

Jibu la kwanza lilitoka kwa iyodi, ile inayotiwa katika chumvi. Sisi wa Kivu tunaijua. Katika miaka ya 1960, wanganga walichunguza kisiwa cha Idjwi, ambako watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo juu ya kukosa iyodi katika chakula. Uvimbe ule siyo kanseri, tusichanganye! Lakini unatuonyesha jambo moja: tezi ya shingo iko na njaa ya iyodi kupita viungo vingine vyote.

Iko iyodi ingine, iyodi 131, yenye kutoa mionzi. Tezi haiwezi kuipambanua na ile ya chumvi, inaikamata tu. Mionzi yake ya kuua chembe inafika karibu milimita moja ao mbili, halafu inaisha. Tena nguvu yake inapunguka nusu kila siku 8: kisha siku 8 inabaki nusu, kisha siku 16 inabaki robo.

Katika mwaka 1946, Samuel Seidlin na wenzake wa New York waliandika habari ya mugonjwa mumoja wa ajabu. Alikuwa ametoshwa tezi ya shingo miaka mingi mbele, lakini muwili wake ulionyesha alama za tezi yenye kutumika kupita kiasi. Kumbe chembe za kanseri zilizotawanyika zilikuwa zingali zinafanya kazi ya tezi, na kula iyodi! Walimupa iyodi yenye mionzi, nayo ikazifuata kule zilikojificha.

Lakini kanseri nyingi hazikamate iyodi. Kwa zile inatakiwa mubebaji. Mufano ni kanseri ya prostati, tezi ndogo ya wanaume iliyo chini ya kibofu cha mukojo. Juu ya ngozi ya chembe zake kunakuwa mara nyingi alama inayoitwa PSMA. Wenye kemia walitengeneza kipande kinachoshika alama ile sawa ufunguo na kufuli, wakakifunga na atomu ya lutesiumu 177. Ufunguo unatafuta mulango, lutesiumu inachoma. Katika mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 831 ambao kanseri yao ilikuwa imeenea sana. Nusu ya wale waliopata dawa hii waliishi kupita miezi 15. Kwa wale wa matunzo ya kawaida tu, ilikuwa miezi 11. Marekani iliiruhusu katika mwaka 2022.

Tusidanganyane: miezi ine siyo kupona. Tena dawa inapotea njia kidogo, inaingia katika tezi za mate, na kinywa kinakauka. Lakini kwa baba mwenye watoto, miezi ine siyo kitu kidogo.

Kwa hiyo, ndugu, tunawaomba mambo mawili. Moja: mutu wa nyumba yenu akiona uvimbe usioisha, asiufiche, aende kwa munganga mapema, mbele chembe hazijasafiri. Mbili: musikimbie kemia. Ufunguo wa kanseri zingine haujatengenezwa bado.